Mishale ya Kwenye Lambo

Ringwani, Jumanne

Dada yangu Tumaini,

Kwa heshima na taadhima natangaza kwako, kwa shemeji na kwa ukoo mzima, kwamba mlango wa chumba changu sasa una komeo la pili. Ni la chuma, nimelinunua mjini Mugumu, na fundi kaligongelea kwa uso wa huzuni kama anayezika mtu. Wa kupiga vigelegele na wapige.

Shikamoo dada. Mguu wako unaendeleaje? Mikorosho imeshatoa maua? Ningepiga simu, ila mtandao huku uko juu ya kilima, na siku hizi kilima sikipandi. Sababu ni hii.

Unajua mimi nilisomea Jiografia. Mwalimu wa Historia alipohama, mkuu wa shule alinikabidhi chaki akasema, "Historia ni kusoma tu." Nikasoma. Wiki iliyopita nikafika kwenye Vita Baridi, Marekani na Urusi, miaka mingi ya kutishana bila kupigana wenyewe kwa wenyewe. Kwa Kiingereza cha kitabu, kidato cha nne walinitazama kama mtu anavyotazama mvua inayonyesha kwa jirani. Nikaona niwape mfano wa hapa hapa. Darasani nina watoto wa kijiji cha kilimani na wa kijiji cha bondeni, watu walioibiana ng'ombe tangu enzi za babu zao, na wote wananyweshea kwenye lambo moja. Nikasema, "Tuseme wa bondeni wameficha mishale kwenye matete ya lambo. Wa kilimani watafanyaje?"

"Tutaficha mingi zaidi!" akajibu Bhoke, binti wa kilimani, na darasa likalipuka. Sijawahi kueleweka hivyo, dada. Nilitoka nikijipongeza.

Kumbe huku mshale haujawahi kuwa mfano. Jioni Bhoke akasema nyumbani, "Mwalimu anajua wa bondeni wameficha wapi mishale." Kesho yake ng'ombe wa kilimani walikwenda lamboni na vijana wenye pinde. Wa bondeni wakaziona, wakarudi kuchukua zao. Kila upande ukasimama ukingoni mwake, hakuna anayenywesha, hakuna anayeondoka, ng'ombe wanalia kiu. Hayo hayo nilikuwa nimeyafundisha kipindi kizima, ila kitabuni hayanuki jasho.

Ndipo nikanunua komeo.

Ijumaa nikaitwa kwenye ritongo, baraza la wazee. Wa pande zote mbili walikuwepo. Nilisimama katikati yao.

"Shikamooni wazee."

"Marahaba," akaitikia mzee Chacha, mkubwa wao. "Mwalimu, hiyo mishale umeiona kwa macho?"

"Hapana, mzee. Ilikuwa mfano."

"Mfano wa nini?"

"Wa Marekani na Urusi."

Wakanong'ona Kikurya. Mmoja wa bondeni akacheka. "Mura, kijana wangu, na hao wanagombea lambo?"

"Hapana, mzee. Dunia."

"Sasa huo ugomvi wao umetuletea sisi wa nini?"

Mzee Chacha akaamua kwamba aliyetia neno majini ndiye atakayeingia kulitoa.

Jumamosi asubuhi nikavua viatu, nikaingia kwenye matete, pinde kushoto, pinde kulia, nikapekua shina kwa shina. Mtu mmoja akakohoa nyuma yangu. Nikaisoma Fatiha hadi amina. Niliogopa nisikute mshale, waseme nawaficha ulipo. Niliogopa zaidi kuukuta. Nikaibuka na kandambili moja tu. Mzee Chacha akapiga mluzi, na ng'ombe wa pande zote wakayavamia maji pamoja, bila kuuliza nani ni wa kambi gani.

Wananywesha mpaka leo, ila pinde bado wanakwenda nazo. Asubuhi Bhoke kaniuliza, "Mwalimu, hii ndiyo amani?" Nimemwambia asome ukurasa unaofuata. Mimi mwenyewe sijaufikia. Mbwa akibweka tu, naruka.

Nisalimie shemeji, na mjomba fundi baiskeli, na mama mdogo anayenidai picha ya tembo. Bibi usimsomee habari ya pinde. Mwambie nafundisha Jiografia.

Mdogo wako mwenye hofu na afya njema,
Hamisi

Kabla sijafunga bahasha nimelijaribu lile komeo. Halifiki kwenye fremu.