Siku Uliyonivusha Bogoria

Al-Nuzha, Jeddah
Jumatano

Kwako Keziah, binti yangu,

Pokea salamu za mama yako aliye mbali. Hujambo? Kile kifua kimepona, ama bado unakohoa vumbi likipanda? Mimi ni mzima, ni magoti tu. Tumekuja Jeddah kwa mamake madam, baada ya wiki mbili tutarudi Riyadh. Unisamehe mwandiko, unajua shule yangu iliishia darasa la nne. Nimeandika kwa sababu simu zangu hushiki tangu tuzike nyanya yako. Yaani mlipomzika nyinyi, mimi sikuwepo. Sikulaumu. Barua hii ataileta Maryann, niliyekuja naye huku. Yeye amemaliza kandarasi.

Sasa habari. Mwezi wa nane bosi alipeleka familia yake Kenya kutembea, nami nikachukuliwa niangalie watoto. Ndiyo, Keziah, nilikuwa Kenya. Usitupe barua, soma kwanza.

Tuliona simba wa Mara, wamelala tu kama mbwa walioshiba. Mpango ulikuwa turudi Nairobi, lakini nilikuwa nimewajaza watoto habari za maji yanayochemka yenyewe ardhini, mpaka Nada, yule mkubwa, akamlilia babake twende Bogoria. Shangazi yako Ivy alikuwa ameniambia umepata kazi ya kutembeza wageni pale. Nilijua ninachofanya.

Mimi mzaliwa wa Loboi sikuwahi kuingia lango lile kama mgeni. Tulipita pale ziwa lilipomeza barabara ya zamani, ndege wale wekundu wamejaa ukingoni kama nguo zilizoanikwa. Halafu nikakuona. Umerefuka! Shati la kijani, buti, Kiingereza kinatoka kama maji. Ulimwambia Nada atakayemenya yai lililochemshwa kwenye chemchemi kabla halijapoa ataolewa na mzee asiye na meno, watoto wakacheka mpaka wakakaa chini. Ukatuonya tukanyage pale unapokanyaga wewe, maana ardhi ni nyembamba na chini ni moto. Tulikuwa wanawake wawili wa baibui, nyuso zimefunikwa, macho tu. Mmoja alikuwa madam. Yule mwingine ulimshika mkono ukamvusha. Ni mimi.

Uliuliza tumetoka wapi. Ulipoambiwa Riyadh ukasema mama yako yuko huko mwaka wa sita, na madam akikutana naye amwambie nyanya alimuulizia mpaka siku ya mwisho. Nada akamtafsiria mamake. Madam akasema maskini, Riyadh ni kubwa. Nilikuwa hatua moja kutoka kwako, mwanangu, na nikanyamaza.

Kwa nini? Wakala wa Nairobi aliandika kwenye fomu kwamba sina mtoto. Alisema mabosi hawataki mwenye watoto, eti atalia usiku na mchana halafu atoroke. Nikakubali. Miaka yote hii madam akiniuliza, nasema mafi, sina. Sina! Na wewe upo. Niliogopa nikifungua mdomo pale wataniita mwongo, ikama yangu, kile kibali cha kukaa huku, ikatwe. Tena nikuambie ukweli wote, niliogopa zaidi wewe kunikataa mbele yao.

Jumapili roho ilinishinda, nikamwambia madam tukiwa jikoni. Nilingoja matusi. Aliweka kisu chini akaniuliza, yule msichana wa mayai? Nikasema ndiye. Alilia, Keziah. Akasema hajawahi kuomba mtu asiye na mtoto, fomu yenyewe hata hakuisoma, na ningesema neno moja tu pale angeniacha kwako wiki nzima. Neno moja. Hilo ndilo linalonila.

Amenipa ruhusa ya mwezi wa kumi na mbili. Sitaanzia nyumbani. Nitakuja langoni, uso wazi. Unikubali ama unifukuze, hiyo ni haki yako, lakini safari hii nitakuita kwa jina lako.

Nisalimie Ivy na majirani wote. Ukipita kaburini kwa nyanya, umwombe radhi kwa niaba yangu. La, wacha. Hiyo nitafanya mwenyewe.

Kaa na Mungu, na uvae sweta asubuhi.

Mama yako mzazi,
Rael