Vifuniko Vinne

Ghorofa ya pili, juu ya duka la miwani
Jumapili mchana

Mpendwa Pilipili,

Kosa la wengi wanaoshindwa ni kwenda kwenye pambano linalofuata wakiwa wamejiandaa kumkabili yule aliyewashinda mara ya mwisho. Nimelitanguliza hilo kabla hata ya kukujulia hali, na bibi yako angekuwa hai angenirudisha mlangoni nibishe upya. Basi, hodi. Hujambo mwanangu? Kazi inakwendaje? Kile kikohozi ulichokitaja kimekuacha, au unakificha kama ulivyokuwa ukificha sahani chafu chini ya kitanda?

Mimi ni mzima. Goti la kushoto linanung'unika kila nikipanda ngazi, lakini ngazi zenyewe ni za zamani kuliko goti na hazijawahi kulalamika. Baba yako naye hajambo. Wiki iliyopita alikalia miwani yake tena, akaileta dukani akidai imejikunja yenyewe.

Barua yako nimeisoma mara mbili: mara ya kwanza kama shangazi, mara ya pili kama mpima macho. Ile ya pili ndiyo iliyonisaidia.

Umesema mashindano ya mchujo ni Jumamosi hii, na kwamba ukitolewa raundi ya kwanza kwa mara ya nne, karata zako zote utamwuzia mwenye duka la vinyago na mchezo wa Ngome hutaugusa tena. Kuhusu kuuza sina ushauri. Karata ni zako, na watu wameacha mambo makubwa kuliko hayo wakaendelea kula na kulala. Lakini umeniuliza deki yako, lile fungu zima la karata unalochezea, ina ugonjwa gani, na hilo naweza kulijibu. (Neno lenyewe bado linanichekesha. Kwa sisi wa zamani, deki ni ndoo na tambara.)

Niruhusu kwanza nikueleze mchezo unaoujua kuliko mimi. Siwezi kufikiri bila kueleza, na adhabu hiyo wewe na kaka yako mliizoea tangu mlipokuwa mnakaa kwangu. Kila mchezaji anakuja na karata sitini. Karata za mawe ndizo zinazojenga ngome yako na kuwalipa walinzi, na walinzi ndio wanaoibomoa ngome ya mwenzako. Karata ikishatumika inatupwa shimoni, lile lundo la pembeni, na kwa kawaida haitoki tena. Unaanza na saba mkononi, halafu unavuta mojamoja. Kwa hiyo kila karata unayoitia kwenye deki ni mgeni unayemkalisha kitini: yeye akikaa, kuna mwingine amesimama.

Sasa, katika viti vyako sitini, vinne umekalisha Vifuniko. Kifuniko kina kazi moja tu, kulifunga shimo ili karata zilizotupwa zisifufuliwe. Ukikutana na mtu anayecheza kwa kufufua, Kifuniko ni kufuli. Ukikutana na mtu mwingine yeyote, ni kipande cha karatasi chenye picha nzuri.

Vinne kati ya sitini vinaonekana vichache. Nimepiga hesabu. Katika kila michezo kumi, minne unaianza ukiwa na angalau Kifuniko kimoja katika zile karata saba za kwanza. Maana yake, karibu nusu ya safari zako unaondoka nyumbani na jiwe ndani ya kiatu, kisha unashangaa kwa nini wenzako wanakupita.

Usinibishie mimi, bishana na barua yako mwenyewe. Kuhusu mashindano ya kwanza umeandika kwamba yule mwanafunzi wa udaktari alikuvamia haraka "nikiwa na Kifuniko ambacho hakikunifaa kitu". Ya pili, ulishikwa na Vifuniko viwili. Ya tatu, ulikosa mawe, na ulipovuta karata ya mwisho ukitumaini jiwe, kikaja Kifuniko. Umeyaandika yote matatu kwa mkono wako na hukuyaona, kama mtu anayetafuta miwani akiwa ameivaa.

Halafu kuna hili. Umesema baada ya kila kushindwa ulibadilisha karata kumi, mara nyingine kumi na mbili. Walinzi umewabadilisha, mawe umeyabadilisha, hata vifuko vya plastiki vya kuvalisha karata ulibadilisha rangi. Vifuniko tu ndivyo vilivyobaki mahali pake mara zote. Nilipofika hapo niliiweka barua chini nikaenda kupika chai.

Wakati nasubiri maji nilikumbuka kiti changu cha kupimia macho. Ulikuwa unapenda kukikalia na kuniuliza kwa nini ninawachosha watu: kioo hiki au hiki? Sasa je? Na sasa? Ni kwamba ukibadilisha vioo viwili kwa pamoja, mgonjwa akasema anaona vizuri, hujui ni kipi cha kushukuru. Na akisema haoni, hujui ni kipi cha kutoa. Aliyebadilisha karata kumi hakurekebisha deki. Ametengeneza nyingine, nayo haijui.

Sikutaka kukutumia maneno matupu, kwa hiyo niliijaribu. Nilichukua karata zenu za zamani zilizobaki kabatini, zile nisizokuwa nazo nikaziandika kwa penseli kwenye vipande vya karatasi, nikapata deki kama yako. Kwanza nilicheza na fundi wangu wa kusaga vioo hapo chini. Alikata tamaa mapema, akasema kucheza na mimi ni sawa na kupimwa macho, na kwamba yeye anaona vizuri, anamshukuru Mungu, sasa aachwe afanye kazi. Nilihitaji mpinzani wa kweli. Katika jengo hili na mitaa ya karibu ninamjua mmoja.

Ndiyo, nilimwita Ngoja.

Kaka yako alikuja akitoka kazini, mikono ikinuka grisi ya mashine za kufulia. Tulikaa dukani, kwenye meza ya kioo, fundi akiwa pembeni na kazi yake. Sikumwambia deki ni ya nani. Nilimwambia ni ya mteja, na kwamba yeye acheze ile deki ya kasi ambayo umesema wengi wanaichezea siku hizi. Alicheza kama kawaida yake, taratibu, kila karata anaiangalia kana kwamba inamdai. Nilipoangusha Kifuniko cha kwanza alisita. Cha pili kilipotokea aliweka karata zake mezani.

"Shangazi, mteja gani anabeba vitu hivi siku hizi? Kufufua karata, watu waliacha zamani."

"Labda anaogopa mizimu," fundi alisema.

Ngoja hakucheka. Alivuta deki yangu upande wake, akaipekua mpaka akavipata viwili vilivyobaki, akavipanga vyote kwenye mstari juu ya kioo.

"Hivi ni vyangu," alisema. "Vyote vinne vimewekwa kwa ajili yangu mimi."

Fundi aliinama akaanza kusaga kioo ambacho kilikuwa kimeshasagwa.

Ile fainali yenu naikumbuka. Nilikaa safu ya tatu, nikaona alivyofufua walinzi wake mmoja baada ya mwingine kutoka shimoni mpaka ngome yako ikaanguka, na nikasikia alichosema mbele za watu: kwamba alijua tu, wewe huwezi kungoja. Waliokuwa karibu wakacheka. Mwezi uliofuata ulipata kazi huko, ukaondoka wakati yeye yuko kazini. Tangu siku hiyo kila mmoja anamuulizia mwenzake kwangu, kama watu wawili wanaotumia dirisha moja la posta kwa zamu. Nani alikosea sikuuliza siku ile na siulizi leo.

Ninachokueleza ni jambo usilolijua, kwa sababu hukuwahi kuuliza na yeye hakuwahi kusema. Kaka yako ameacha mchezo. Hajakaa kwenye meza ya mashindano tangu ulipoondoka. Hatakuwepo Jumamosi, wala Jumamosi nyingine yoyote. Umeweka walinzi wanne kwenye mlango ambao mtu wake hapiti tena, na madirisha umeyaacha wazi.

Baada ya hapo tulicheza kwa utaratibu, jioni ile na iliyofuata. Jioni ya kwanza, michezo kumi, nikitumia deki yako kama ilivyo: nilishinda miwili. Kesho yake Ngoja alikuja na kibahasha mfukoni. Tulitoa Vifuniko vinne, tukaweka Tarishi wanne badala yake, na zile karata nyingine hamsini na sita hatukuzigusa. Michezo kumi tena: nilishinda mitano. Mimi ni mchezaji dhaifu jioni zote mbili, kwa hiyo tofauti si yangu. Michezo kumi ni michache, nami nisingemwandikia mtu miwani kwa ushahidi mdogo kiasi hicho. Ila ningemwambia ajaribu kioo hicho, atembee nacho mpaka mlangoni na kurudi.

Tarishi nadhani huhitaji kuelezwa, lakini utaelezwa. Anakuvutia karata mbili. Ukikosa jiwe anaweza kukuletea jiwe, ukikosa mlinzi anaweza kukuletea mlinzi. Hamjui mpinzani wako na wala hahitaji kumjua. Anakutumikia wewe tu, na ndiyo maana anafaa mahali ambapo hujui atakayeketi mbele yako ni nani.

Umeandika kwamba Tarishi hawapatikani huko, kwamba hawachapishwi tena na kwamba wenye nao hawawaachii. Fungua basi ile karatasi ngumu iliyo ndani ya bahasha hii. Wako wanne. Si wangu. Huyo mmoja mwenye kona iliyovimba utamtambua, ni yule uliyemmwagia chai ukiwa na miaka kumi na moja, ukasema ni paka, nasi hatukuwa na paka. Wavike wote vifuko vipya vinavyofanana kabisa na vya karata zako nyingine, mwamuzi asije akasema umetia alama.

Ngoja alinipa ujumbe wa mdomo, nami nauandika ulivyo. "Mwambie mimi nilishaacha. Namjazia nafasi bure." Halafu, akiwa ameshika kitasa cha mlango, aligeuka akasema kuna kitu anakitaka. Kwamba tangu azaliwe hajawahi kuogopwa na mtu, wala mbwa, wala hata ile mashine ya kufulia iliyomng'ata kidole. Kwa hiyo katika vile vinne ulivyomwekea anaomba kimoja akibandike juu ya meza yake ya kazi, na mteja akija na maneno mengi amwonyeshe kwa kidole.

Fundi alimwambia mteja atadhani ni leseni.

Sikuandikii ili kukupatanisha na mtu. Nimeombwa ushauri wa deki na ushauri wa deki ndio huu. Wala sikuahidi kushinda. Unaweza kuvitoa Vifuniko Jumamosi na bado ukakosa mawe, maana karata hazina shukrani. Ikiwa hivyo, utakuwa umejua jambo moja kwa uhakika, kisha utabadilisha jingine moja. Hapo utakuwa unarekebisha. Ulichokuwa unafanya mpaka sasa ni kulipa kisasi polepole, karata nne kwa kila sitini.

Baba yako anakusalimu na anasema usisahau kula. Fundi anakusalimu na anauliza huko mnavaa miwani ya aina gani. Mpangaji wa ghorofa ya juu anayesafiri kikazi kuja huko ndiye anayekuletea bahasha hii; mpe maji ya kunywa na usimruhusu akuonyeshe picha za bustani yake, hazina mwisho. Kaka yako hakutuma salamu. Ametuma Tarishi.

Mungu akujalie mkono wenye mawe ya kutosha, na subira kwa siku ambazo mawe hayaji.

Leo, kabla hujazichanga tena karata zako, toa Vifuniko vyote vinne, na kimoja mtumie kaka yako.

Mimi shangazi yako,
nikupendaye bila kukupendelea