Gernot karudi na jua usoni

Frauke, bendi imekufa. Imekufa sasa hivi, mchana kweupe!

Miaka mitatu tunapiga muziki wetu wa panki ya makaburini, hadi ule ukumbi wa chini ya ardhi wa Leipzig unajaa watu waliovaa nyeusi tii. Sheria ilikuwa moja tu: hakuna kuota jua, tubaki weupe kama maiti.

Leo mwimbaji wetu Gernot kaja mazoezini katokea kisiwani Mallorca, MWEKUNDU kama nyanya.

Wiebke akatupa vijiti vya ngoma. "Maiti gani hii? Ulizikwa wapi, mchangani?"

"Jamani, nilisinzia tu!"

Alisinzia. UFUKWENI. Kwa wiki nzima!

Wiebke akafoka, "Mimi natoka! Chukueni koti lenu la bendi!" Akalivua, akamrushia Gernot.

Shoga, mgongo wa Wiebke mwenyewe wote umebabuka kwa jua, na alama nyeupe za sidiria ya kuogelea.