Kovu la Ndui Begani Mwako

Mlali, Morogoro

Mdogo wangu Hamisi,

"Kila kirusi na chanjo yake, chanjo moja kwa ukoo mzima wa virusi ni ndoto." Ndivyo ulivyoniandikia kuhusu yule binti aliyeomba maabara kwenye kamati yenu ya utafiti. Leo, huku tukila magimbi kwenye ukungu, nimemsomea barua yako muuguzi wa kijiji, mtani wetu wa Kiluguru. Akacheka.

"Huyo msomi wenu ana kovu la chanjo ya ndui?"

"Analo."

"Basi alichanjwa kwa kirusi cha jamii ya ndui ya ng'ombe, kikamkinga na ndui ya watu, ndugu muuaji wa kirusi hicho. Mwambie ng'ombe anamsalimu!"

Wabusu watoto. Na wewe na wajumbe wenzako wa kamati, kabla hamjamnyima maabara yule binti anayetafuta chanjo moja ya mafua yote, pandisheni mikono ya mashati, mtazame makovu yenu.

Dadako,
Zuhura