Mwaka Aliozaliwa Kiprono

Jumanne, 14 Agosti 1956

Laiti ningeiacha ile kadi ya ubatizo kama ilivyokuwa. Leo kamati imejibu: Kiprono, mwanafunzi wangu bora, hapati ufadhili wa chuo kikuu kwa sababu amezidi umri.

Umri huo niliuandika mimi. Kadi, iliyojazwa kwa makisio ya padri, ilimpa miaka ishirini. Mimi na utaratibu wangu nikaenda hadi kwao Elburgon kumuuliza mama yake, akasema alimzaa mwaka ule nzige walipomaliza mahindi. Nikahesabu: mwaka 1931, miaka ishirini na mitano; nikasahihisha fomu ya maombi. Mwalimu mwenzangu alinakili kadi za wanafunzi wake zilivyo. Wawili wamepita.

Mchana nilikwenda kuwaambia wazazi wake. Baba yake, mpasua mbao, alinisikiliza hadi mwisho.

"Mwalimu, wewe ulikuwako akizaliwa?"

"Hapana, mzee."

"Hata padri hakuwako. Lakini yeye alitusaidia."

Karo ya chuo mzee huyu hataiweza, hata akiuza ng'ombe wote.

Kiprono mwenyewe aliniuliza, kwa adabu, kama anaweza kuomba tena mwakani. Ilinibidi nimweleze kwamba mwakani atakuwa amezidi zaidi.