Kwa Japuonj, Aliyeuliza Nimejuaje

Japuonj,

Leo ni Jumapili mchana. Nimeketi kwenye benchi yako mbele ya duka, hapa Kabiro, na mguu wake mmoja bado umeegemezwa kwa tofali. Mama Njeri, mwenye ploti hii ya vyumba vya kupanga, ametoka kanisani akanipitishia chai. Ameniuliza naandikia nani, nikamwambia. Hakushangaa. Amesema nikusalimie, na nikuambie bado anakuombea ijapokuwa ulikuwa mbishi.

Basi salamu hizo umezipata. Ama hujazipata. Najua ungeniuliza nimejuaje kama marehemu husoma barua. Sijui, Japuonj. Naandika hivyo hivyo.

Imepita miezi minane. Ile bucha ya kona imekuwa kinyozi, na mwenyewe alitaka nimfute yule mbuzi uliyemchora ukutani. Watoto wa ploti wakakataa kabisa, mmoja akalia. Nikafikiri siku mbili, mwishowe nikamnyoa. Sasa ni mbuzi mwenye panki, na wateja wanamwonyesha kinyozi kwa kidole, wanasema wanataka kama hiyo. Ungekuwepo ungeuliza kama bado ni mbuzi yule yule.

Hivyo ndivyo ulivyokuwa tangu siku ya kwanza. Nilikuja nikitafuta nguo za kufua, nimetembea kwa miguu kutoka Lindi kule Kibera nilikokodi chumba, nikabisha mlango kwa mlango, mpaka nikakukuta juu ya ngazi ukipaka ukuta wa hoteli. Nikasema nitakufulia hilo ovaroli. Ukaniuliza ukuta ni wa rangi gani. Nikasema buluu. Ukaniuliza nimejuaje. Nikasema si naona. Ukaniambia nikae hapo mpaka jua lishuke, na mimi mjinga, ama mwenye njaa, nikakaa. Ukuta ukawa wa kijivu, halafu karibu mweusi.

"Sasa," ukasema, "rangi yake ya kweli ni gani?"

"Ni ile imeandikwa kwa mkebe," nikakujibu.

Ulicheka mpaka ukashika ngazi kwa mikono miwili. Kesho yake ulinipa brashi, na ovaroli hukuniacha nilifue hata siku moja. Nikaanza kukuita Japuonj, mwalimu kwa lugha yetu, na kwa miaka minne sikupata jina lingine la kukufaa.

Nakumbuka siku tulipokwangua kile kibanda cha mboga kule mtaani Kongo ili tukiandike upya. Chini ya rangi ya kijani tukapata jina la saluni, chini ya saluni tukapata fundi viatu, na chini ya fundi viatu kulikuwa na neno moja tu, KARIBU, la mtu tusiyemjua. Ukaacha kukwangua. Ukaniambia watu husema jana imeenda, lakini wewe huioni ikienda popote, unaiona ikifunikwa. Mwenye kibanda akatuuliza kama tumekuja kufanya kazi ama kuhubiri.

Lakini yule aliyekuweza alikuwa Mama Njeri. Yeye alisema kila kitu Mungu alishakipanga, hata wewe kukosea herufi. Wewe ulisema mtu huchagua. Mlibishana hivyo kila asubuhi juu ya uji, mpaka siku moja akaandika kitu kwenye karatasi, akaikunja, akanipa niiweke ndani ya Biblia yangu. Alisema ameandika utakavyofanya wiki hiyo mpaka Jumamosi. Ukifanya vingine, atasimama mbele ya ploti yote akiri kwamba mtu huchagua.

Wiki hiyo nilicheka mpaka mbavu zikauma. Ulikunywa chai bila sukari, wewe wa vijiko vinne. Ulivaa koti ndani nje. Kazi ilikuwa mlango wa pili, ukazunguka mpaka Kongo ndipo ukaifikia, nami nyuma yako nimebeba ngazi. Ijumaa Mama Njeri akakuletea githeri, yale mahindi na maharagwe ya kwao uliyokuwa ukiyakataa miaka yote ukisema ni chakula cha kutafuna bila kufika. Ukala sahani mbili.

Jumamosi nikaifungua karatasi, watu wamejaa uani. Ilisema: "Wiki hii fundi hatafanya hata kitu kimoja kwa sababu anakipenda."

Nilikuonea huruma, na hilo koti lako la ndani nje. Kisha ukasema polepole, "Githeri niliipenda."

Mama Njeri hakujua akasirike ama afurahi. Akakuuliza atajuaje kama ni kweli. Ukamwambia tumbo ni lako. Ploti yote ikaanguka kwa kicheko, na mpaka leo hakuna ajuaye nani alishinda. Mimi nilikuuliza faraghani. Ulitabasamu tu.

Halafu kifua kikaanza, nawe ukaenda nyumbani ziwani kupumzika, ukapumzika kweli. Hayo sitayaandika mengi. Ulikuwepo.

Nataka kukuambia la kaka yangu. Miezi mitatu baada ya kukuzika, Ochieng' alikuja Lindi na shati la kanisani, akakaa kwenye kitanda changu, akasema nimekaa Nairobi vya kutosha, fundi wangu hayuko, na mambo yangu yameshapangwa. Kuna mwanamume mmoja aliyefiwa na mke, anataka kunioa, ana duka sokoni kwetu. Mtu mzuri, Japuonj. Nilimjua. Ana sauti ya upole na hanywi pombe. Ningemsema vibaya ningekuwa mwongo.

Nikasema hapana kabla Ochieng' hajamaliza. Akaniambia nifikirie wiki mbili.

Siku ya kwanza nilijiona shujaa. Ya pili nikakukumbuka na chai yako isiyo na sukari. Nikajiuliza, hii hapana ni yangu, ama ni koti nimevaa ndani nje kwa sababu kaka amesema nivae hivi? Kama Ochieng' angekuja kuniambia nibaki Nairobi, si ningekimbilia kwa yule mwenye duka? Nilipaka mlango wa posho mill, kile kinu cha unga, mara mbili, na mara mbili nikaruka herufi. Nilikukasirikia. Ulinifunza kuuliza, ukaondoka kabla ya kunifunza kuacha.

Siku ya kumi Mama Njeri alinikuta hapa kwenye benchi nikilia. Nikamweleza yote. Nilingoja aniambie Mungu alishapanga, na kusema kweli nilitaka aniambie hivyo, nipumzike. Akakaa. Akatazama brashi mkononi mwangu, kisha akasema, "Wacha kuangalia kaka yako amesema nini. Hiyo githeri unaipenda ama huipendi?"

Nikaangalia kibao nilichokuwa nikikiandika magotini, pale nilipokuwa nimefika. Ilikuwa herufi S, ile uliyosema ni ngumu kuliko zote, na ilikuwa imekaa vizuri. Nilikuwa nimeitengeneza huku nalia, wala sikuwa nimetambua.

Nikasema, "Naipenda."

Nikamuuliza sasa hayo ya kupangwa yameenda wapi. Akasema Mungu anaweza kupanga mtu achague, na kwamba amelifikiria jambo hilo tangu ile wiki, lakini asingekuambia wewe hata kwa dawa. Nimekuambia mimi.

Ochieng' aliporudi nilimweleza pole pole, bila ugomvi. Hakufurahi. Lakini alipoondoka alinipitia kwenye ukuta wa shule ya chekechea pale Lindi, niliokuwa nikiuandika mwenyewe kuanzia A, akasimama akausoma mpaka M, nilipofika. Akasema hakujua kwamba naweza. Yule mwenye duka ameoa, na nasikia wanaelewana. Nimefurahi kweli. Usiniulize nimejuaje.

Sasa ahadi yangu. Msalaba wako uliandikwa na seremala aliyeuunda. Alifanya kwa moyo, lakini maandishi yanateremka, na herufi ya mwisho ya jina lako ilikosa nafasi ikawekwa chini peke yake. Siku ya mazishi niliililia hiyo herufi kuliko nilivyokulilia wewe, Mungu anisamehe. Desemba nakuja nyumbani. Nitamwendea seremala kwanza, nimwombe ruhusa kwa heshima, kisha nitapiga mstari kwa kamba na chaki, nianze katikati nikienda kando, ili jina lako lote litoshe mahali pamoja.

Oriti, Japuonj. Kwaheri.

Akinyi