Siwezi Kura

Kwako Baba, huko uliko, ambako hakuna tena wa kukusahihisha,

Nakuandikia kwa laptopu ile ile tuliyoigeuza kuwa meza ya nyumba. Ulikuwa mlinzi wa usiku mtaa wa Ntinda, hapa Kampala, nami mwanafunzi wa mchana; ulirudi nimekwisha kutoka, nikarudi umekwisha kuondoka. Tangu Mama afariki, akituachia Kiswahili chake cha Kenya kiwe lugha yetu, chumba cha Kamwokya kilikaliwa na watu wawili waliokutana Jumapili tu.

Ndipo nilipoipanga mashine hiyo ikufae. Nilikuza herufi hadi ukazisoma bila miwani. Nilipunguza mwanga, kioo kikawa cha manjano, ili macho yako yaliyokesha yasiumie. Nikaamuru faili moja lifunguke lenyewe kila laptopu inapowashwa, nikaliita MEZANI. Hapo ndipo tulipoachiana maneno.

"Habali ya chuo, afande?" uliandika siku ya kwanza.

Jumapili nikakucheka. "Baba, ni habari, si habali."

"Sajini wangu hakuniuliza habali au habari," ulisema. "Aliniuliza, umeelewa? Nikajibu, ndiyo, afande! Wewe umeelewa, hukuelewa?"

"Nimeelewa, afande."

"Basi leta chai."

Vita vilipokwisha ulivua sare, Kiswahili cha kambini ukabaki nacho. Mimi, msomi wako, nilikionea aibu. Nikafungua orodha ya masahihisho: upande mmoja unaandika kosa, upande wa pili neno sahihi, na mashine ikiliona la kwanza inaweka la pili bila kuuliza. Habali ikawa habari, balua ikawa barua, safali ikawa safari. Hukugundua kamwe, kwa sababu uliandika ukitazama vidole, na hukurudia kusoma. "Mwanajeshi harudi nyuma," ulijitapa.

Kisha nikagombea kiti katika baraza la mtaa. Unajua moto niliokuwa nao. Nililaani watawala wanaosema bila kusikiliza, nikaapa kuwa sikio la wanyonge. Lakini vidole vyangu ni vya Kampala kama ulimi wako, na Luganda hutubadilishia herufi bila sisi kujua. Karatasi zangu za kampeni zikatoka zimeandikwa: "Nipeni kula yenu!"

"Nnyabo, bibi mheshimiwa," mkaanga chapati alinipigia kelele, "unaomba kula? Lete sahani!"

"Mwacheni," mwenzake akadakia. "Wakubwa wengine wanakula kimya kimya. Huyu walau anaomba!"

Mtaa mzima ulicheka. Nilirudi nyumbani na hasira, nikaongeza mstari mmoja kwenye orodha: kila "kula" iwe "kura". Sikufikiri kwamba laptopu ile ilikuwa ya watu wawili. Sikufikiri kwamba katika nyumba yetu kuna mtu ambaye angeweza kuandika neno hilo akimaanisha hilo hilo.

Mtaani kwetu mtu hatumbukizi karatasi. Husimama mstarini nyuma ya mgombea wake, hadharani. Nilikuachia ujumbe MEZANI nikikuomba usimame nyuma yangu. Kesho yake nikakuta maneno yako:

"Mwanangu, siwezi kura. Usikasirike. Safari njema."

Nilikasirika. Niliona woga wa askari mstaafu anayeogopa kuonekana na wakubwa wake wa zamani. Nikakujibu kwa lugha ya jukwaani: "Mwanajeshi mzima unashindwa na jambo dogo hivi? Hakuna asiyeweza, kuna aliyekubali kushindwa. Jilazimishe!"

Nawe ukaandika: "Nimejaribu, mwanangu. Inagoma."

Nikadhani ni nafsi yako inayogoma. Jumapili zangu zote zilikuwa za mikutano. Sikuuona mkono wako ukiisukuma sahani. Kama ungeandika "chakula", mashine ingelipita bila kuligusa. Uliandika neno fupi, kama walivyokufundisha kambini.

Siku ya uchaguzi ulikuja. Ulisimama wa kwanza kwenye mstari wangu, koti limekuwa kubwa ghafla, jua likikupiga, hata mate ukiyameza kwa shida. Watu walinishangilia. Mimi nilikutazama nikajisemea: hoja zangu zimemshinda mzee.

Wiki iliyofuata ulianguka kwenye lango la kazi. Hospitalini daktari alinionyesha picha ya uvimbe uliokuwa umeziba koo lako, akaniuliza mzee ameacha kula tangu lini. Nikasema sijui, hakuniambia. Sauti ilikuwa imekwisha kukutoka. Ulichukua kalamu yake, ukaandika kwa mkono: "Nilimwandikia." Hukunitazama.

Nilikwenda nyumbani nikawasha laptopu. MEZANI ikafunguka yenyewe. Nikaandika neno lile herufi kwa herufi, nikagusa kitufe cha nafasi, nikaliona likigeuka mbele ya macho yangu.

Baba, nilirudi wodini siku tatu mfululizo. Mimi ninayehutubia viwanja, nilikosa sentensi moja ya kusema kando ya kitanda chako. Nilikusimulia habari za baraza, nikakutengenezea shuka. Siku ya nne kitanda kilikuwa kimetandikwa upya. Ulikwenda ukiamini kwamba ulimwambia binti yako unaumwa, naye akakuita mwoga.

Wenzangu chuoni bado wananiita sauti ya wasiosikika. Ndiyo maana barua hii naiweka wazi, waisome. Wajue kwamba mnyonge wa kwanza niliyemziba mdomo alikuwa baba yangu, na nilimziba nikidhani ninamrahisishia maisha.

Kabla ya kuandika mstari wa kwanza wa barua hii nilifungua orodha ile, nikaifuta yote, neno baada ya neno. Herufi nimeziacha kubwa, mwanga nimeuacha wa manjano, na MEZANI bado inafunguka yenyewe, ingawa hakuna wa kunijibu. Chini ya ujumbe wako wa mwisho nimeandika maneno yako kama ulivyoyaandika wewe, na safari hii mashine imeyaacha yalivyo: Siwezi kula.

Nimeelewa, afande.

Safali njema, Baba.

Binti yako